Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma Majina ya Undugu Unapotafiti Ukoo Wako

Maswali haya huongezeka kila Januari. Watu wamepanda mlimani, Kilimanjaro au Meru, kula Krismasi, wamekaa na wazee, wamerudi Dar, Mwanza au Nairobi na daftari lililojaa majina. Wakianza kuchora mti wa ukoo, haukai. Babu ana baba watatu. Mama mkubwa ana umri mdogo kuliko mama. Mtu yuleyule ni mjomba kwenye ukurasa wa pili na ndugu kwenye ukurasa wa tano.

Mara nyingi wazee hawajachanganya kitu. Neno la undugu linakuambia kwanza mtu ana nafasi gani kwa mwenzake: nani anamwamkia nani, nani anamsimamia nani harusini, nani ana haki ya kusema kwenye kikao cha ukoo. Damu inaulizwa kwa swali jingine, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inahusu swali hilo jingine liulizwe vipi.

Bibi anasema babu yangu alikuwa na "baba" watatu. Baba mzazi ni yupi?

Huenda wote watatu ni baba kweli. Ndugu wa kiume wa baba ni baba: waliomtangulia ni baba wakubwa, waliomfuata ni baba wadogo. Mzee akisimulia haongezi "mkubwa" au "mdogo" kila mara, kwa sababu anaowasimulia siku zote walikuwa wakijua. Mume wa mama mdogo naye huitwa baba mdogo, ingawa ni wa ukoo mwingine kabisa. Na baba wa kambo, kwa adabu, huitwa baba tu.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalifikirii: kurithi mjane. Mume alipofariki, ndugu yake aliweza kumchukua mjane na kuitunza nyumba ile, na kwa baadhi ya jamii za kwetu, Waarusha wakiwemo, watoto waliozaliwa baadaye waliendelea kuhesabiwa kuwa wa marehemu. Kwa hiyo ukikuta mtu aliyefariki wakati wa njaa fulani na mtoto wake aliyezaliwa miaka minne baadaye, usikimbilie kusema tarehe imekosewa. Uliza kwanza mjane alibaki na nani.

Swali la "baba yake mzazi ni nani?" lenyewe halisaidii sana, mzee mwingine ataliona kama tusi. Yanayosaidia ni haya: Alizaliwa kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga) au boma la nani? Mama yake aliolewa kwanza na nani? Alipooa, mahari ilitolewa na nani? Alipofariki, nani alisimama kama mkuu wa msiba? Majibu manne hayo yakielekea kwa mtu mmoja, umempata. Yakielekea kwa watu wawili, una baba mzazi na baba mlezi, na wote wawili waandikwe.

"Mama mkubwa" ni dada wa mama au mke wa kwanza wa baba?

Ama huyu ama yule, na kuna wa tatu: mke wa baba mkubwa. "Mama mdogo" naye ni hivyo hivyo: mdogo wake mama, mke mdogo wa baba, au mke wa baba mdogo. Katika familia za mitala, neno hili limewapotosha watafiti wengi kuliko jingine lolote, kwa sababu mke mkubwa anaweza kuwa amefika wa kwanza bila kuwa na umri mkubwa, na pengine mke mdogo ni ndugu yake wa damu.

Njia ya kutoka ni kuuliza tumbo. "Ninyi mlikuwa wangapi kwa tumbo la mama yenu?" Mzee yeyote wa Machame, Rombo au Meru ataelewa unataka nini, na atawapanga watoto kwa nyumba: nyumba ya mke wa kwanza hawa, nyumba ya pili hawa. Andika kwa nyumba. Ukiwapanga watoto wote kwa umri chini ya baba mmoja, umepoteza habari ambayo huipati tena akishaondoka yule aliyekuambia.

Barua ya babu ya mwaka 1938 inasema "nimempeleka bibi yangu hospitali". Bibi yake alikuwa bado hai?

Karibu hakika anamzungumzia mkewe. Katika Kiswahili cha wakati ule, "bibi" lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke na pia kwa mke, kama "bwana" lilivyo kwa mume. Angalia maneno yanayolizunguka. "Bibi yangu na watoto" ni mke. "Bibi mzaa baba" ni bibi wa leo. "Bibi" mbele ya jina, kama "Bibi Anna", ni cheo tu, hakisemi undugu wowote. Na ukikuta "nyanya" kwenye barua iliyotoka Kenya, huyo ndiye bibi kwa maana yetu.

Kuna tofauti gani kati ya "nduguye" na "nduguze"?

Kubwa. Nduguye ni mmoja, nduguze ni wengi. Vilevile mwanawe ni mtoto mmoja, wanawe ni zaidi ya mmoja. Maandishi ya zamani yamejaa vifupisho hivi: babaye, mamaye, mkewe, mumewe, dadaye. Kwenye mwandiko wa mkono uliofifia, "y" na "z" hufanana, na herufi hiyo moja inaweza kukuongezea au kukupunguzia ndugu. Piga picha neno hilo peke yake, likuze kwenye simu, ulilinganishe na "y" nyingine za mwandishi huyohuyo.

Muhtasari wa mkutano wa kijiji wa 1974 unawaita watu wote "Ndg." Walikuwa ukoo mmoja?

Hapana. "Ndugu" pale ni cheo cha enzi za TANU na Azimio la Arusha la 1967, kilichoshika nafasi ya "bwana" kwenye shughuli za chama na serikali. Hakihesabiki kama ushahidi wa undugu.

Nje ya siasa pia neno hili lina mapana yake. Kuna ndugu wa tumbo moja, ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, ndugu wa ukoo, ndugu katika Kristo (barua za Walutheri wa kwanza zimejaa hao), na ndugu wa kuchanjiana, yaani watu wawili waliochanja chale wakaonjana damu ili wawe ndugu. Huyu wa mwisho anaweza kuwa wa kabila jingine kabisa, na bado watoto wake wakaitwa watoto wa ukoo wenu kwa vizazi viwili. Mwandikie mstari wake, ila usimtie kwenye tumbo la bibi yako.

Na "kijana wangu"?

Mtoto wa kiume, mtumishi, au kijana yeyote wa mtaani. Bila ushahidi mwingine, mwache nje ya mti.

Mjomba, shangazi, mpwa, binamu: haya si yako wazi?

Mjomba na shangazi yako wazi kuliko mengi: mjomba ni kaka au mdogo wa kiume wa mama, shangazi ni dada wa baba. Tatizo ni kwamba siku hizi mijini mtu humwita "mjomba" hata muuza mitumba wa Kiboriloni. Kwa mzee wa miaka themanini aliyekaa kijijini neno bado lina uzito wake. Kwa mjukuu wake aliyekulia Sakina au Majengo, uliza mara mbili. Kwenye maandishi ya pwani, au ya familia za Kiislamu zilizohamia Moshi na Arusha mjini, unaweza kukuta "ami" kwa ndugu wa baba, "hau" kwa mjomba na "halati" kwa dada wa mama.

Binamu ndiye mwenye matatizo. Neno limetoka kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya mtoto wa kiume wa ami, lakini leo linabeba watoto wa mjomba, wa shangazi na wengine wote. Wazee wa bara wengi hawalitumii. Kwao mtoto wa baba mdogo ni kaka au dada, basi. Hapo ndipo mti wa ukoo unapopata "kaka" kumi na saba kwa baba mmoja. Ukiona idadi ya namna hiyo, tenga kwanza watoto wa baba wakubwa na baba wadogo kabla ya kufikiria mitala.

Mpwa kwa asili ni mtoto wa dada wa mwanamume, na wengi sasa humwita hivyo hata mtoto wa kaka. Anayesema "mpwa wangu" akiwa mwanamke, mwombe ataje mzazi wa huyo mtoto.

Shemeji, wifi, mlamu, mkwe?

Wifi ni baina ya mwanamke na dada wa mumewe, na wao hulitumia kwa pande zote mbili. Shemeji ni ndugu wa mke, au ndugu wa kiume wa mume, na pia mke wa kaka au mume wa dada. Mlamu na mwamu ni wa namna hiyo. Mkwe ni mzazi wa mwenzi, na pia mume au mke wa mtoto wako, kwa hiyo "mkwe wangu" peke yake haikuambii nani ni mkubwa. Mavyaa ni mama mkwe, bavyaa ni baba mkwe, mkaza mwana ni mke wa mtoto wako wa kiume, mkaza mjomba ni mke wa mjomba. Haya ya mwisho hutayasikia sana Moshi, lakini yamo kwenye maandishi.

Faida ya maneno haya kwa mtafiti ni moja: yanathibitisha kwamba ndoa ilikuwepo hata pale ambapo cheti hakipo.

Baba yangu, akiwa mtoto wa miaka sita, aliandikiwa na bibi yake "mume wangu mpendwa". Nisome vipi?

Kama utani wa bibi na mjukuu. Huko uchagani una mzizi wa ziada: kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, na wa pili la bibi mzaa mama. Kwa hiyo huenda baba yako alibeba jina la mume wa bibi huyo. Kumwita mume ni kumwita kwa jina alilorithi.

Kwa sababu hiyohiyo mama anaweza kumwita mtoto wake mchanga "baba" kwa kuwa amepewa jina la baba yake mzazi, na mjomba akamwita "mzee". Barua au kaseti ya zamani inaposema "baba ameanza kuota meno", umeshajua ni nani.

Desturi hii ni dira nzuri ya nasaba. Ukijua majina ya watoto wanne wa kwanza kwa mpangilio, unaweza kukisia majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, kisha ukaenda kuyatafuta. Ni kisio tu, maana mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua kubwa, msiba au safari alipewa mara nyingine jina la tukio, na majina ya ubatizo yalikuja juu ya hayo yote. Ubaya wake ni kwamba jina lilelile linarudi kila baada ya kizazi kimoja. Watu wawili wa jina moja, kihamba kimoja, kadi mbili za chama cha ushirika cha kahawa: yawezekana ni babu na mjukuu, na aliyenakili rejista akawafanya mtu mmoja aliyeishi miaka mia moja na ishirini.

Nyaraka zinamtaja mwanamke kama "binti Juma" au "Mama Elinami". Jina lake nitalipata wapi?

"Binti Juma" ni jina la baba yake, "Mama Elinami" ni la mtoto wake. Lake mwenyewe limefichwa na adabu. Rejista ya ubatizo ya watoto wake ndiyo mahali pa kwanza, kwa sababu padri na mchungaji walitakiwa kuandika jina la mama. Cheti cha ndoa kinafuata, kisha jiwe la kaburi kama amezikwa kihambani. Kwenye kesi za mahakamani za enzi ya Mwingereza, na hata baada yake, utakuta alama tatu: s/o ni mtoto wa kiume wa, d/o ni binti wa, w/o ni mke wa. Jina linalofuata w/o ni la mume, msimbatize mtu kuwa baba yake.

Nina rejista ya ubatizo ya Kikatoliki kutoka upande wa Kilema au Kibosho, imeandikwa Kilatini. Maneno ya undugu yanamaanisha nini?

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, na rejista zao ziliandikwa kwa Kilatini, kama ilivyokuwa desturi ya Kanisa kila mahali. Ya kawaida ni rahisi: filius ni mtoto wa kiume, filia ni wa kike, pater baba, mater mama, uxor mke, vidua mjane wa kike. Patrinus na matrina ni wasimamizi wa ubatizo, ambao si lazima wawe ndugu. Mara nyingi katika miaka ya mwanzo walikuwa makatekista au Wakristo wachache waliokuwepo, kwa hiyo jina moja la msimamizi linaweza kurudi mbele ya watoto wa familia nyingi zisizohusiana.

Neno la kuogopwa ni nepos. Ni mjukuu, na ni mtoto wa ndugu pia. Umri ndio utakaoamua.

Kuna upande wa kupendeza. Kilatini kinatenganisha ndugu wa baba, patruus, na ndugu wa mama, avunculus; kinatenganisha shangazi, amita, na dada wa mama, matertera. Ni karibu kabisa na mpango wetu. Padri aliyejali Kilatini chake alikuandikia mjomba na baba mdogo kwa maneno mawili tofauti, jambo ambalo Mwingereza wa ofisi ya wilaya asingeweza hata angetaka. Na ukikuta consanguinitas pembeni ya ndoa, maharusi walikuwa na damu moja, wakaombewa ruhusa. Affinitas ni ukaribu uliotokana na ndoa, kwa mfano mtu kuoa mdogo wa marehemu mkewe. Maandishi hayo madogo ya pembeni yana thamani kuliko mstari wenyewe.

Na za Kijerumani, za Walutheri?

Misheni ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893, ikasambaa Moshi, Mamba na baadaye Meru. Kikwazo cha kwanza ni mwandiko: Kijerumani cha mkono cha wakati ule kina herufi ambazo hata Mjerumani wa leo hazisomi bila kujifunza. Kikwazo cha pili ni kwamba Kijerumani cha zamani kilikuwa na Oheim kwa mjomba na Muhme kwa dada wa mama, lakini kufikia enzi hizo Onkel na Tante yalikuwa yameshashika nafasi. Kwa hiyo mjomba, baba mkubwa na baba mdogo wote ni Onkel. Vetter ni binamu wa kiume, ila zamani zaidi lilikuwa ndugu wa baba. Enkel ni mjukuu, Schwager ni shemeji, Witwe ni mjane, Pate ni msimamizi wa ubatizo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliondolewa, na Walutheri wa Marekani wakaja kushika kazi kwa muda. Ndiyo maana kitabu kimoja cha usharika kinaweza kuanza kwa Kijerumani na kumalizikia kwa Kiswahili. Usishangae mtu yuleyule akiwa Onkel kwenye ukurasa wa mwaka 1912 na baba mdogo kwenye ule wa 1930. Ukurasa wa Kiswahili ndio unaokuambia zaidi. Sehemu ya kumbukumbu za misheni yenyewe, kama barua, imehifadhiwa Halle, Ujerumani, kwenye hifadhi ya Franckesche Stiftungen.

Faili la mahakama la Kiingereza linasema mdai ni "nephew" wa marehemu. Niamini?

Amini kwamba karani wa mahakama alisikia neno fulani akalitafsiri hivyo. Uncle kwake ni mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, na hata mume wa shangazi. Kwenye kesi ya kihamba tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe, kwa sababu mtoto wa kaka wa marehemu ni wa ukoo na mtoto wa dada yake ni wa ukoo mwingine. Soma faili lote. Mara nyingi maelezo ya mashahidi, hasa pale mchili, yaani kiongozi wa mtaa chini ya mangi (chifu wa Kichagga), anapotoa ushahidi, yanataja njia ya undugu hatua kwa hatua.

Wenye mababu walowezi, na wapo Arusha, wenye asili ya Uingereza kwa mfano, wajue kwamba Kiingereza cha karne ya 17 na 18 kina mitego yake. Nephew liliweza kuwa mjukuu. Cousin liliweza kuwa ndugu yeyote wa mbali, hata mpwa. Mother-in-law liliweza kuwa mama wa kambo. Relict ni mjane. Senior na Junior hawakuwa lazima baba na mtoto. Walitofautisha tu mkubwa na mdogo wa jina moja mahali pamoja.

Sisi ni Waarusha. Babu aliwaita wazee wote wa rika la baba yake "baba". Nitawatofautishaje?

Kwa Waarusha na Wamaasai, rika ni undugu wa aina yake. Rika la baba yako wote ni baba zako, na binti wa mtu wa rika lako ni kama binti yako, humuoi. Usijaribu kulilazimisha hili liwe damu. Litumie kwa tarehe. Rika la Makaa lilitanguliwa na Seuri, Seuri na Nyangusi, Nyangusi na Terito. Mtu aliyekuwa morani wa Nyangusi miaka ya 1940 hawezi kuwa mtoto wa mtu wa rika hilohilo, hata kama barua inasema "baba".

Kwa undugu wenyewe sikiliza Kimaa: menye ni baba wa fulani, ng'oto ni mama wa fulani, apu ni mjomba, koko ni bibi. Na mkimtaja mtu aitwaye Pakiteng, ulizeni kama hilo ni jina. Ni namna ya kuitana kwa watu waliopeana ng'ombe. Paker ni waliopeana kondoo, Paashe ni ndama. Tumeuona mti wa ukoo wenye Pakiteng watatu, na ukitazama vizuri ni watu watatu waliowahi kubadilishana mifugo na babu mmoja.

Niandike neno la Kichagga au Kimeru, au nilitafsiri kwa Kiswahili?

Andika la mzee kwanza, kama alivyolitamka, kisha tafsiri kando. Kichagga cha Machame si cha Rombo, na mtu wa Vunjo akikutafsiria cha Kibosho anaweza kukuhamisha kutoka kwa babu hadi kwa mzee yeyote wa mtaa: meku ni wote wawili.

Wenye jina moja la ukoo wote ni ndugu?

Akina Mbise, Kaaya, Nnko au Pallangyo wa Meru, akina Mushi, Massawe au Lyimo wa Kilimanjaro: jina linakupa ukoo, halikupi hatua. Ndani ya ukoo kuna matawi yaliyoachana vizazi vingi nyuma kiasi kwamba hakuna anayeweza kuhesabu, na kuna watu waliopokelewa wakati wa vita au njaa wakapewa ardhi na jina. Uliza tawi, na uliza kihamba cha kwanza kilikuwa wapi.

Kihamba chenyewe kinaweza kunieleza nani ni mkubwa?

Kinaweza, na kwa mtazamo wangu ni ushahidi mzuri kuliko tarehe za kuzaliwa za watu waliozaliwa kabla ya 1930, ambazo nyingi zilikisiwa na makarani. Desturi ya Kichagga ilimpa mzaliwa wa kwanza wa kiume ardhi yake mapema, na kitinda mimba akabaki na nyumba na kihamba cha wazazi. Wa katikati walitafuta pengine: kuomba kwa mangi, kushuka tambarare, au kwenda mjini. Ukikuta babu alibaki kwenye kihamba cha baba yake hadi kufa, kisia kwamba alikuwa wa mwisho. Ukikuta alihamia Kahe au Arusha akiwa kijana, kisia katikati. Halafu thibitisha. Ziangalie pia masale za mipaka, yaani mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, na makaburi.

Muhtasari wa kikao cha ukoo wa mirathi unafaa kama ushahidi?

Unafaa sana. Mahakama ya Mwanzo huutaka kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi, kwa hiyo familia nyingi zina nakala kabatini, na mafaili yako mahakamani. Una majina, saini na uhusiano wa kila aliyehudhuria. Ila usome kama waraka wa watu wenye maslahi. Mtoto wa nje anaweza kuachwa, mke wa pili akaandikwa "ndugu", na baba mdogo mwenye sauti akatangulia mtoto mkubwa. Linganisha na orodha ya waliotajwa kwenye ratiba ya mazishi, ambayo huandikwa haraka, kabla watu hawajaanza kukumbuka mashamba.

Kuna mtoto aliyelelewa tu, na mwingine wa nje ya ndoa. Niwaweke?

Waweke wote, kwa uhusiano wao. Mtoto wa kulea, wa kambo, wa nje, yatima aliyepokelewa: kila mmoja ana neno lake na hakuna sababu ya kuwafanya wa tumbo moja au kuwafuta. Lakini kuandika kwenye daftari lako si sawa na kutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu mia mbili. Kama mhusika yu hai na hajui, kaa kimya. Kipimo cha vinasaba, ambacho watu hukimbilia kukiulizia, kinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 na hufanyika chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Si jambo la kufanywa kwa udadisi wa Krismasi.

Baada ya mjukuu wanafuata nani?

Kitukuu, kisha kilembwe, kisha kilembwekeza. Wengine husema kijukuu pale ambapo wewe ungesema kitukuu. Ukiwa na shaka, hesabu kwa majina: fulani wa fulani wa fulani.

Programu ya kompyuta ina nafasi ya baba mmoja na mama mmoja tu. Nifanye nini?

Nyingi ziko hivyo, lakini Gramps, ambayo ni ya bure, inakuruhusu kumweka mtoto kwenye familia zaidi ya moja na kusema ni wa kuzaliwa, wa kulea au wa kambo. Kwenye sehemu ya maelezo andika neno lenyewe alilolitumia mzee, nani alilisema, na lini. "Baba mdogo, kwa maneno ya bibi, Desemba 2023" ni ingizo zuri. "Mjomba" peke yake, bila msemaji, halina faida kwa atakayekuja baada yako.

Bibi amekataa kabisa kutaja jina la baba mkwe wake. Nimbembeleze?

Usimbembeleze. Kwa wanawake wengi wa rika lake, Kimaasai hasa, kutaja jina la baba mkwe ni utovu wa adabu, na akikutajia atakutajia jina la mzunguko litakalokupoteza. Nenda kwa binti wa ukoo huohuo aliyeolewa nje, yaani dada wa babu yako au shangazi wa babu yako. Kwake yule ni baba au kaka, hana mwiko naye, na mara nyingi ndiye anayekumbuka mpangilio wa watoto vizuri kuliko wanaume waliobaki nyumbani. Mpigie kwanza umwambie unakuja.